Cheche, Dada Yake na Lango la Tatu

Kabla ukarabati wa bwawa haujaanza, mtaani kwetu ukisema "fundi" bila kuongeza neno, kila mtu alijua unamsema Cheche. Mafundi wengine walikuwapo, wa redio, wa cherehani, wa mabomba, ila hao waliitwa kwa kazi zao. Cheche aliitwa fundi, basi. Nyumba yake na yangu zilitengwa na ukuta mmoja, tena mwembamba, kwa hiyo mengi ya haya niliyaona, mengine yalinifikia nikiwa nimekaa kwangu nakunywa chai, na yaliyobaki alinieleza mwenyewe.

Alikuwa mchomeleaji wa vyuma. Karakana yake ilikuwa ubavuni mwa nyumba, chini ya bati lililotoboka matundu, na humo alitengeneza mageti, nondo za madirisha, vitanda na matela. Lakini kilichomfanya atembee kifua mbele ni bwawa. Bwawa lilikuwa juu ya mji, mwendo mfupi wa kupanda, na kwenye ukuta wake kulikuwa na malango matano ya chuma ya kumwaga maji ya ziada mto unapofurika, kila lango kimo cha nyumba ya ghorofa. Tangu ujanani, lango likipata ufa, Cheche ndiye aliyeitwa. Mama yake, aliyeishi naye, alipenda kuwaambia wageni, "Nyie huko bondeni mnalala usingizi mnono kwa sababu ya mkono wa mwanangu." Na mwanawe hakumkatiza hata siku moja.

Cheche alikuwa na dada, mdogo wake wa tumbo moja. Ndoa yake ilipovunjika alirudi nyumbani na watoto wake wawili, akapewa chumba cha uani. Hakuwa mtu wa kukaa mikono kifuani. Alianza kwa kufagia karakana, kisha kushika geti lisicheze linapochomelewa, kisha kugonga masizi juu ya mshono uliopoa. Siku moja akasema, "Kaka, nipe na mimi hiyo kofia." Cheche alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Lakini kofia ya kuchomelea alimpa, na kazi alimfundisha kwa moyo mweupe, hilo tusimnyime. Nilikuwa namsikia kupitia ukutani: "Usiukodolee moto macho! Moto unapiga kelele tu. Tazama dimbwi." Dimbwi ndilo jina lao la kile chuma kilichoyeyuka chini ya ncha ya kijiti cha kuchomelea; ukiliona linavyotembea unajua mshono unashika au unadanganya. Watu wakimsifu dada yake, Cheche alijibu, "Huyo nimemchonga mwenyewe."

Mambo yakaenda hivyo mpaka mwaka lango la tatu lilipokwama.

Masika hayo lilipandishwa likafika nusu, likagoma kupanda wala kushuka, na maji yakawa yanavuja pembeni kwa sauti iliyosikika mpaka sokoni. Kutu ilikuwa imekula mikono ya chuma inayolibeba. Kiangazi kilipofika ikaamuliwa malango yote matano yakarabatiwe, kuanzia hilo la tatu. Ikaja kampuni na kreni zake. Wakateremsha vizuizi vizito vya chuma mbele ya lango, upande wa maji, ili nyuma yake pawe pakavu, watu waingie kufanya kazi. Wenyeji wengi tulipata nafasi. Mimi niliingia kikosi cha rangi: tunapiga chuma kwa mchanga mpaka kutu itoke kisha tunapaka.

Kwa wachomeleaji kulikuwa na sharti. Kila mmoja, awe mgeni au mkongwe, aunganishe mabamba mawili mazito ya chuma yaliyosimama wima, kisha mshono upigwe picha ya eksirei.

"Mimi nipimwe?" Cheche alimwambia msimamizi wa kazi, mwanamume mpole mwenye sauti ndogo. "Lango hili nimelishona kabla wewe hujaota ndevu."

"Najua, fundi. Ndiyo maana naamini haitakusumbua."

Dada yake alipouliza kama na yeye ajaribu, Cheche alimpiga bega. "Nenda, nenda. Kushindwa nako ni shule."

Majibu yalisomwa asubuhi mbele ya kontena la ofisi, sote tumesimama na kofia zetu ngumu. Msimamizi alitaja waliofaulu. Walikuwa wachache. Wa mwisho kutajwa alikuwa dada yake Cheche, na msimamizi akaongeza kwamba mshono wake ndio uliokuwa safi kuliko yote, hauna hata kitundu. Watu wakapiga makofi. Cheche naye akapiga, akisubiri jina lake. Msimamizi akakunja karatasi ya majina, akaaga.

Cheche alimfuata mpaka mlangoni. Nilikuwa karibu, nikasikia.

"Umeniruka."

"Hapana, fundi. Mshono wako umeyumba. Umetoka kwenye mstari, na kwa ndani haujashika." Kisha, kwa adabu: "Nina nafasi ya kupiga grainda na kupasha vyuma moto kabla ya kuchomelewa. Kazi ya heshima ile ile."

Uso ulimshuka. Angeweza kurudi karakanani kwake, na mpaka leo nadhani ingekuwa heri. Lakini kurudi ni kukiri mbele ya mtaa mzima kwamba bwawa limemkataa. Akajikaza kisabuni, akasema sawa. Na kwa kuwa wachomeleaji walikuwa wachache, siku ya pili yake alijikuta ameshika mtungi wa gesi, anapasha moto mkono wa lango la tatu, na anayesubiri chuma kipate joto ili achomelee ni dada yake.

Hapo ndipo wivu ulipomwingia. Haukuja wote kwa mkupuo, ulimjia kidogo kidogo, kama maji yanavyopenya kwenye mpira wa lango uliochakaa. Kwanza lilikuwa jina. Wafanyakazi walimbandika dada yake jina la Mshono, na kutwa nzima lango lilivuma, "Mshono, njoo huku! Mshono, hebu tazama hapa!" Yeye aliyekuwa fundi sasa aliitwa "kaka yake Mshono". Halafu ikawa makoti. Dada alipewa koti jipya la ngozi na glavu ndefu. Cheche akapewa la zamani lenye mkono uliobabuka. Halafu ikawa nyumbani. Zamani akirudi, mama yake alimwekea maji ya kuoga kabla hajavua viatu. Sasa maji yalikuwa ndoo mbili, na mama aliipeleka ya dada kwanza.

"Mama, siku hizi mimi naoga makombo?" aliuliza siku moja, akijidai anatania.

"Mwenzio amening'inia juu kutwa nzima, mwanangu. Wewe umesimama chini."

Wewe umesimama chini. Aliniambia maneno hayo yalimkaa kooni kama mfupa. Mezani hakula. Watoto wa dada yake wakawa wanacheza lango, mmoja kajifanya kreni, mwingine anapiga kelele, "Mimi ndiye Mshono!" Cheche akawafokea watoke, wanamuumiza kichwa.

Kazini alianza visa vidogo. Akipasha chuma, alikiacha kabla joto halijatosha, ili dada amwombe tena. "Kaka, bado kidogo." Alitaka kuombwa. Akiombwa, anakasirika. Dada akipanda kwenye jukwaa, yeye chini anahesabu makosa: kiwiko kimekaa vibaya, anakwenda haraka, vijiti anavipoteza. Mshono ukipoa anaupanda kuutazama, akiusogelea mpaka pua inakaribia kuungua, akitafuta dosari. Hakuiona. Hilo lilimuuma zaidi kuliko kama angeiona.

"Jirani," aliniuliza wakati wa kula, "hivi wewe huoni kitu?"

"Kitu gani?"

"Mwanamke niliyemfundisha juzi. Na mimi, umri wote huu. Kweli akili inakubali?"

Nikamwambia mwanafunzi kumpita mwalimu ni sifa ya mwalimu. Aliniangalia kana kwamba nimemtukana.

Katika kazi yetu kulikuwa na kijana mmoja, mtaratibu, ambaye kazi yake ilikuwa kupiga zile picha za eksirei. Akianza, eneo lilifungwa kwa kamba nyekundu, king'ora kikalia, sote tukaondoka kwa sababu mionzi yake si ya mchezo. Alikuwa hajaoa, na alikuwa na pikipiki. Nyumba aliyopanga ilikuwa njia ya kwetu, na jioni mbili tatu alimpa lifti dada yake Cheche.

Siku moja tulikuwa tumeketi kivulini chini ya ukuta wa bwawa, kikosi chetu chote, tunakula. Mtu mmoja akasema kwamba Mshono hajawahi kurudishiwa kazi hata mara moja. Cheche akafuta mdomo. "Picha ya eksirei," akasema, "huonyesha anachotaka kukiona mpiga picha." Watu wakamgeukia. Akaona wanamsikiliza, jambo ambalo hakuwa amelipata kwa muda mrefu, akaongeza, "Na pikipiki haimbebi mtu bure."

Walicheka. Na mimi nilicheka, sitajitoa humo.

Maneno hayana miguu lakini hakuna kinachoyapita mbio. Kesho yake yalikuwa kwenye kreni, kesho kutwa yakamfikia msimamizi, tena yakiwa yameshavaa nguo mpya: kwamba picha zinabadilishwa, kwamba mikono ya lango imejaa mishono mibovu. Msimamizi hakuwa na la kufanya ila kusimamisha uchomeleaji wa lango la tatu. Lango likiachia siku ya mafuriko, bondeni kuna watu. Akaagiza mpiga picha mwingine kutoka nje arudie mishono yote. Dada akaambiwa akae nyumbani mpaka majibu yatoke. Yule kijana wa picha naye akawekwa kando, akazunguka eneo la kazi kichwa chini, hakuna anayekaa naye.

Dada hakujua chanzo. Aliambiwa na mke wangu, aliyekuwa ameambiwa na mimi. Mchana wa Jumapili nikasikia sauti ukutani, ya chini, na sauti ya chini huwa mbaya kuliko kelele.

"Kaka, ni wewe uliyesema?"

"Nimesema nini?"

"Unajua."

Cheche akajibu: "Nilikuwa natania. Watu wenyewe ndio wameukuza."

"Utani." Dada akavuta pumzi. "Mwanamume yule nimempa heshima yake na yeye kanipa yangu. Ungesema sijui kazi, ningekuvumilia. Hukusema hivyo. Umesema nimejiuza. Kaka yangu wa tumbo moja, mbele ya wanaume waliokaa wanakula."

"Wewe ulitaka nifanye nini? Nikushikie gesi mpaka nizeeke?"

"Nilitaka ufurahi," dada alisema. "Hata uongo. Ungejifanya tu unafurahi, ingenitosha."

Wiki ile ile alihama. Alipanga chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa, akabeba watoto, godoro na kofia yake ya kuchomelea. Cheche alibaki amekaa karakanani, hakutoka kumsaidia mzigo. Aliniambia baadaye kwamba moyoni, chini kabisa, alifurahi. Alifikiri sasa nyumba itarudi kama zamani. Lakini mama alimwekea maji mlangoni bila neno, chakula bila neno, na usiku kabla ya kulala hakumtakia heri.

Msimamizi, kwa kupungukiwa mikono, akamwita. "Fundi, nakupa nafasi nyingine. Chomelea tena mabamba mawili, tuone."

Nilimwona akienda, amejaa bashasha, amefunga koti mpaka shingoni. Nilikuwa napaka rangi hatua chache kutoka pale. Alichukua muda mrefu. Alipomaliza akagonga masizi, akainama kutazama, akasimama wima, akainama tena. Msimamizi alikuja, akautazama mshono huo kwa macho tu, wala hakuona haja ya picha. Ulikuwa umekwenda kando ya mstari kama mlevi anayetembea kando ya barabara.

Alirudi nyumbani mapema. Safari hii hapakuwa na sauti ya chini.

"Wameniwekea chuma kibovu!" alipiga kelele. "Na huyo binti yako kanichafulia jina kwa msimamizi, najua!"

Mama yake alikuwa mtu wa maneno machache, na aliyatunza muda mrefu. "Kaa," alimwambia. "Nimesema kaa. Kijicho unacho kikubwa, mwanangu, macho ndiyo huna. Ni lini mara ya mwisho umesoma maandishi ya kwenye dawa yangu bila kunyoosha mkono mpaka ukutani?"

"Macho yangu yana nini?"

"Yamechoka. Sisi sote tunajua. Dada yako anajua tangu mwaka juzi. Mageti yako yalikuwa yakitoka yamepinda mshono. Wewe ukienda kula, yeye anavaa kofia anayarudia kabla mteja hajafika. Nilimwambia akwambie. Akasema, 'Mama, kaka ana hicho kimoja tu, tukimnyang'anya atabaki na nini?'"

Kwa upande wangu wa ukuta, mimi na mke wangu tulitazamana.

Mtu mwingine angeshukuru. Cheche aliniapia kwamba jambo la kwanza alilohisi ni wivu mpya, mchungu kuliko ule wa kwanza. Hata udhaifu wake dada aliuona kabla yake. Hata sifa alizopata miaka miwili ile zilikuwa za dada. Alitoka, akatembea mpaka mto, akakaa kwenye jiwe mpaka jua likamchoma shingo. Anasema alimchukia kwa muda, akamchukia kweli kweli, kisha akakosa sababu ya kuendelea, akachoka.

Siku mbili tatu baadaye alikwenda zahanati. Muuguzi wa macho alimpa kadi yenye herufi, akamwambia asome. Alipoanza kuisogeza mbali, muuguzi akamshika mkono. "Usiisogeze, baba. Huu si ugonjwa. Ni umri, unatupitia sote." Akampa miwani, akamweleza kwamba wachomeleaji huweka kioo kidogo cha kukuza ndani ya kofia, nyuma ya kile cheusi.

Nilikuwapo alipokijaribu. Aliwasha mashine karakanani, akashusha kofia, cheche zikaruka. Baada ya muda akazima na kusimama, kofia bado usoni.

"Vipi?" nikauliza.

"Naliona dimbwi," akasema. "Jirani, nilikuwa silioni. Nilikuwa nafuata kelele tu." Akavua kofia, akajifuta. "Na yeye alikuwa analiona siku zote hizi."

Majibu ya mpiga picha wa nje yalikuja: mishono yote ya lango la tatu ilikuwa mizima. Dada akarudishwa, tena akafanywa mkuu wa wachomeleaji. Kijana wa picha aliombwa radhi na msimamizi mbele ya watu, lakini aliomba ahamishiwe kazi nyingine mbali, akaondoka na pikipiki yake. Hakumuaga mtu. Dada alipita njia ile jioni kwa miguu, na nilipomtazama usoni nilielewa kwamba huenda pale palikuwa na kitu, kitu kidogo, kilichokuwa hakijapata hata muda wa kuitwa jina.

Cheche alikwenda kwa msimamizi. Hakumtumia mtu, alikwenda mwenyewe, akasema, "Maneno yale yalitoka kinywani mwangu, na yalikuwa uongo." Alikatwa siku zake za mapumziko, akaonywa. Kisha akaomba apimwe mara ya tatu, na mara hii picha ilitoka safi. Akapangiwa lango la tano, chini ya mkuu wa wachomeleaji.

Kwa dada yake alikwenda mwisho, kwa sababu huko ndiko kulikokuwa kugumu. Alimkuta anafua mbele ya chumba chake.

"Nimekuja, mdogo wangu."

"Nakuona, kaka."

"Nimekosa."

Dada aliendelea kukamua nguo. "Nilishakusamehe. Watoto watakuja kukusalimia Jumapili. Lakini kurudi sirudi. Hapa napumua."

"Na mimi nitafanyaje kazi chini yako?"

"Kama wengine. Ukiyumba nitakurudishia."

Na kweli alimrudishia, mara moja, mbele ya watu, akaweka alama ya chaki kwenye mshono na kusema, "Hapa rudia, fundi." Cheche alirudia. Nilimwona mishipa ya shingo imesimama. Jioni alinieleza, bila aibu, kwamba alitamani kumtupia nyundo. "Lakini ameniita fundi," akasema.

Masika yalipofika, malango yakajaribiwa. Tulisimama juu ya ukuta, vizuizi vikaondolewa, lango la tatu likapanda taratibu bila kukwaruza, maji yakatoka chini yake meupe, kishindo kikatufanya tuongee kwa ishara. Likashuka, likafunga, halikuvuja. Msimamizi akamvuta Mshono mbele ili watu wamwone. Cheche alipiga makofi. Nilimtazama kwa makusudi: taya lilikuwa limekaza, na macho, nyuma ya miwani, yalikuwa yamelowa. Sijui lipi lilikuwa lipi, wala sidhani yeye alijua.

Kampuni ilipohamia kwenye bwawa jingine, mbali, ilimchukua Mshono. Cheche hakuitwa. Siku ya safari alimbebea dada mabegi mpaka stendi, akayapanga kwenye buti la basi, akampa kila mtoto mkono kama watu wazima. Njia nzima ya kurudi alikuwa akilalamika kwamba kampuni ile haijui watu. Nilimwacha aseme.

Karakana aliifungua tena. Wiki zikapita. Jioni moja nikasikia simu yake ikilia upande wa pili wa ukuta, kisha sauti yake ikipanda: "Bamba limepinda? Limepinda kuelekea wapi? Hapana, hapana, usilipige nyundo! Sikiliza. Lipashe moto upande ulioinuka, kwa alama za pembetatu, kisha liache lipoe lenyewe..." Akaendelea hivyo, anauliza, anaeleza, anarudia, mama yake naye akidai apewe simu awasalimie wajukuu, hapewi, mpaka chaji ikaisha. Nikasikia akiomba chaja kwa kelele.